Kwanza Uliza Umeme Unatoka Wapi

Kompyuta nyingi zinazouzwa Butembo, mji wa biashara wa Kivu Kaskazini, zimekwisha kutumika kwingine kabla hazijafika. Geuza mashine kifudifudi, utakuta kibandiko cha ofisi fulani ya Ubelgiji, namba ya mali ya shule ya Uholanzi, au doa la gundi mahali kibandiko kilipobanduliwa kwa ukucha. Nyingi zimeshushwa Mombasa, zikapanda lori hadi Kampala, zikavuka mpaka pale Mpondwe na kuingia Kasindi, kisha zikafuata kilomita 80 za barabara mpaka Beni na nyingine 54 mpaka Butembo. Nyingine hazikupanda lori kamwe. Zimeingia katika begi la mfanyabiashara aliyekwenda Dubai au Guangzhou kufuata nguo na vipuri vya pikipiki, akaona nafasi imebaki.

Ndiyo maana swali la kutengeneza au kununua nyingine halianzii huku mahali linapoanzia Brussels. Kule, mashine ikifika miaka minne au mitano, mhasibu huifuta katika daftari la mali. Huku ndio umri wake wa kuanza kazi.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alipata yake kwa njia hiyohiyo: ThinkPad T430, toleo la mwaka 2012, nzito, nyeusi, yenye kona zilizochubuka. Alikuwa akifundisha historia katika shule ya sekondari ya komini ya Vulamba, na saa za jioni alikusanya masimulizi ya wazee: waliofanya biashara ya kahawa, na waliokumbuka miaka ya Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997 na kuanzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mwaka 1989. Alirekodi sauti zao kwa simu, akazihamishia kwenye mashine, akakaa kuziandika neno kwa neno. Baadhi ya wazee hao wamekwisha kufariki. Hilo lizingatiwe katika yote yanayofuata, kwa sababu thamani ya kompyuta haimo katika kompyuta peke yake.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa wa kuzimika. Mashine ilikuwa ikikata katikati ya sentensi, waya umechomekwa, taa ya chaji ikipepesa. Majirani walikuwa na jibu moja: imezeeka, tafuta nyingine. Fundi aliyepelekewa, kijana mwenye meza ndogo chini ya turubai na taa ya kichwani, hakuifungua kwanza. Aliuliza.

“Mwalimu, hii unaichajia wapi?”

Jibu lilikuwa refu, kwa sababu umeme wa Butembo wenyewe una historia ndefu. Kwa miaka mingi mji huu wa biashara uliishi bila umeme wa SNEL, kampuni ya taifa. Mwenye uwezo aliwasha grupu, yaani jenereta, jirani akavuta waya na kulipa kwa mwezi, na jirani wa jirani naye akajiunga hapohapo. Wafanyabiashara walijaribu kujiundia kampuni yao, SENOKI, wakilenga maji ya mito ya karibu. Baadaye Hifadhi ya Virunga ikajenga mitambo yake: Mutwanga, chini ya Ruwenzori, mwaka 2013, Matebe, upande wa Rutshuru, mwaka 2015, kisha Luviro, katika Lubero. Leo nyumba moja inaweza kutumia umeme wa maji asubuhi, sola mchana na grupu usiku, nalo grupu linakunywa esansi iliyonunuliwa kwa chupa kutoka kwa kadafi, muuza mafuta wa kando ya barabara.

Mwandishi alikuwa akichajia kwenye waya uliotoka katika grupu la karakana ya kuchomelea milango ya chuma. Fundi aliposikia hivyo alitikisa kichwa, akaeleza jambo ambalo kila mwenye kompyuta katika Butembo na Beni anastahili kulijua. Mashine ya kuchomelea inapoanza kuvuta, volti za waya mzima zinashuka. Inapoachia, zinaruka juu ghafla, kwa sababu grupu halijapata muda wa kupunguza mwendo. Chaja ya kweli imeandikwa mgongoni kwamba inapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo inavumilia volti kushuka. Kinachoua ni kule kuruka. Na chaja ya kuiga haina hata vile vipande vidogo vya ndani vinavyochuja umeme mchafu usifike kwenye mashine.

Kisha akampa mwandishi chaja mbili, moja katika kila mkono. Kwa macho zilikuwa sawa: plastiki ileile, maandishi yaleyale, hata alama za usalama zilezile zilizochapwa kwa rangi ya fedha. Kwa uzito hazikuwa sawa hata kidogo. Ya kuiga ilikuwa nyepesi, na ilipotikiswa kitu kililegea ndani na kugonga ukuta wa plastiki. Ncha ya waya wake ilikuwa imegeuka kahawia. Tundu la chaji la kompyuta nalo lilikuwa limeungua upande uleule.

Katika T430 tundu hilo halikulehemiwa kwenye bodi kuu. Limefungwa kwenye kipande cha waya mfupi kinachochomolewa. Likabadilishwa mchana uleule. Fundi alikataa kumuuzia betri mpya, ingawa alikuwa nayo mezani na faida ingekuwa yake. Alimwambia atafute kwanza chaja nzito na stabilaiza, ndipo arudi kuzungumza habari ya betri.

Kama mwandishi angewasikiliza majirani, angerudi nyumbani na mashine nyingine na kuichomeka kwenye waya uleule wa karakana. Ugonjwa ulikuwa ukutani. Watu wengi wa Butembo na Beni wamenunua kompyuta ya pili na ya tatu kwa sababu ya ugonjwa ambao hauhusiani na kompyuta, na hilo linauma, maana fedha hizo ni ada ya mtoto au mtaji wa duka.

Ugonjwa wa pili ulikuwa joto. Miezi ya jua, vumbi jekundu la barabara za Butembo linaingia kila mahali: katika mikunjo ya pazia, katika sukari, katika kila tundu linalovuta hewa. Mashine ikawa inanguruma, inapunguza mwendo, halafu inazima. Fundi aliondoa kibodi, akafungua skrubu ndogo kwa mpangilio na kuzipanga juu ya karatasi aliyoichora umbo la mashine, kila skrubu mahali pake. Alipoinua feni, mwandishi aliona kati ya feni na vibati vya kupozea tabaka la vumbi na nyuzi za nguo lililoshikana kama kipande cha blanketi. Lilitoka zima, kwa kibanio. Dawa inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye bomba la shaba ilikuwa imekauka na kupukutika. Ikafutwa kwa alkoholi, ikawekwa nyingine, tone dogo tu. Kazi nzima haikufika hata bei ya chaja. Mashine iliyokuwa ikisemwa imezeeka ikatulia.

Hapo mwandishi alianza kuelewa kwamba umri ni neno linaloficha mambo mengi tofauti. Feni huzeeka, betri huzeeka, dawa ya joto hukauka, bawaba za kioo hulegea. Prosesa yenyewe, ikiwa haijaungua, inaendelea kuhesabu ileile hesabu ya siku ya kwanza. Kwa hiyo swali la maana ni hili: ni kipande gani kilichochoka, na je, kinachomoka?

Kilichofuata kuchoka kilikuwa diski, nayo inachomoka. Ilikuwa ya aina ya zamani, yenye sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika na sindano inayoelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Fikiria diski ya namna hiyo ndani ya begi, mgongoni mwa abiria wa pikipiki, njia ya Beni kwenda Butembo, mashine ikiwa imefunikwa tu bila kuzimwa. Watu wengi husafiri hivyo. Dalili zilianza kwa faili kuchelewa kufunguka, kisha ukaja mlio, tak, tak, kimya, tak. Fundi alipousikia aliondoa mkono kwenye kibodi, akasema hatagusa chochote kabla ya kunakili. Masimulizi ya wazee yalihamishwa usiku kucha kwenye diski ya nje, kwa sola, na kulipokucha faili chache tu ndizo zilizokataa.

Diski mpya haikuwa na sahani wala sindano. Ni chipu tupu. Kuwaka kwa mashine, ambako kulikuwa kumefika dakika za kutosha kuchemsha chai, kukawa kwa sekunde. Ikaongezwa kumbukumbu kutoka gigabaiti 4 hadi 8, kwa kuwa T430 ina nafasi mbili za vipande hivyo. Kama kuna tengenezo moja linalolipa kuliko yote katika mashine za miaka ile, basi ni hilo la diski. Mwandishi amelishauri kwa walimu wenzake na hajamwona aliyejuta. Na tangu siku ile masimulizi yanakaa mahali pawili, nyumbani kwake na kwa ndugu wa mji mwingine. Beni imejifunza kwa uchungu, tangu mauaji ya raia yalipoanza Oktoba 2014, kwamba familia inaweza kulazimika kuondoka na kile tu kinachobebeka.

Mafundi wengi wana kanuni ya nusu: gharama ikipita nusu ya bei ya mashine nyingine kama hiyo iliyotumika, acha. Ni kanuni nzuri ya kuanzia, lakini hesabu yake ina pengo. Ile nyingine nayo imetumika, na historia yake huijui. Labda ilimwagikiwa kahawa huko Antwerp, ikakauka, ikafutwa vizuri. Labda chipu yake ya picha imekwisha kupashwa moto mara moja ili iamke mpaka siku ya mauzo. Ya zamani unajua ilipoanguka, unajua kilichobadilishwa. Ndani ya nafasi ya betri ya ile T430 kuna tarehe zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito na mikono tofauti: tundu la chaji, feni, diski, kibodi. Mtu akisoma pale anajua anashughulika na nini. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Kibodi ina habari yake, nayo imefungamana na miaka migumu ya eneo hili.

Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kutoka Mangina, karibu na Beni, na haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470, waliofariki 2,287. Wakati huo mdogo wake mwandishi, wa kike, alikuwa na sekretaria publiki katika komini ya Bungulu mjini Beni: meza mbili, printa moja, fotokopi moja, na wanafunzi waliopanga mstari na kazi zao za kumaliza masomo. Mlangoni kulikuwa na ndoo yenye bomba na maji ya klori. Kibodi ni kitu kinachoguswa na kila mkono, na hofu ilikuwa ya kweli, kwa hiyo kila jioni alizifuta zote kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji yaleyale. Klori inakula metali. Baada ya miezi, herufi zikaanza kukataa moja moja, na fundi alipofungua alikuta njia za shaba zimeota kijani. Hakuna mwenye haki ya kumlaumu dada huyo. Alilinda watu kwanza, na mashine inakuja baada ya watu. Ila fundi alimwonyesha kwamba alkoholi ingefanya kazi ileile bila kutafuna shaba, na mpaka leo chupa yake iko juu ya meza.

Kibodi za kubadilisha zilitoka Kampala, na zile za Kampala zimepangwa Kiingereza: Q, W, E, R, T, Y. Sekretari wa Beni amejifunza AZERTY. Anapiga bila kuangalia, macho yako kwenye karatasi ya mteja, na herufi za Kifaransa zenye alama juu ziko chini ya vidole vyake. Mpe mpangilio mwingine na mwendo wake unapungua nusu, siku nzima, wiki nzima. Hata AZERTY ya Ubelgiji haifanani kabisa na ya Ufaransa. Alama kadhaa zimehama. Kwa hiyo mashine nzee kutoka Ubelgiji yenye kibodi aliyoizoea inaweza kumfaa kuliko mashine mpya inayong'aa, na jambo hilo halionekani kwenye bei. Mdogo wake mwandishi alisubiri wiki kadhaa mpaka fundi alipopata kibodi mbili za AZERTY kutoka kwenye mashine zilizokufa bodi.

Ni huyohuyo mdogo wake aliyekutana na upande wa pili wa swali. Alikuwa amenunua, kwa ajili ya hesabu zake mwenyewe, mashine mpya kabisa, nyembamba, nyepesi, ya kuingia kwenye mkoba. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na mashine haikuwaka tena. Alimpigia kaka yake simu asubuhi.

“Yaya, haina hata taa. Nifanye nini?”

Ilipelekwa Butembo kwa yule fundi wa turubai. Aliifungua, akapima, akanyamaza muda. Bodi kuu ilikuwa imeungua sehemu ya kupokea umeme, na joto lilikuwa limeenea mpaka kwenye chipu za jirani. Kumbukumbu ilikuwa imelehemiwa kwenye bodi. Diski pia. Katika mashine ya aina hiyo hakuna cha kuchomoa ukaokoa: bodi ikifa, mafaili yanabaki ndani yake. Bodi nyingine ingepatikana Kampala kwa bei iliyokaribia mashine nzima, na mafaili ya zamani yasingerudi. Fundi angeweza kuipasha chipu kwa hewa ya moto ijaribu kuamka, lakini alisema wazi kwamba dawa hiyo hudumu wiki, pengine miezi, kisha ugonjwa unarudi. Alishauri waachane nayo. Alilipwa ujira wa kupima tu.

Kwa mwandishi, siku ile ilimpa mpaka ulio wazi zaidi kuliko kanuni ya nusu. Kipande kikichomoka, tengeneza. Bodi ikiugua, hasa ikiwa imebeba kumbukumbu na diski, achana nayo. Na fundi anapoanza kuzungumza habari ya kupasha moto chipu, nakili mafaili siku hiyohiyo na uanze kuweka akiba. Kuna dalili nyingine pia: vipande visivyohusiana vinapokufa kwa kufuatana, leo sauti, kesho tundu la flashi, keshokutwa kioo, mara nyingi ni bodi inayoaga, na kila dola inayowekwa pale imepotea.

Kununua nyingine kulikuja wakati mbaya, au mzuri, inategemea unasimama wapi. Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na uongozi wa jimbo la Kivu Kaskazini ukahamishia makao yake Beni. Ofisi zikaja, watu wakaja, karatasi zikaja. Sekretaria ya Bungulu ilipata kazi kuliko ilivyowahi kupata. Bei za kompyuta nazo zikapanda, maana kila aliyefika alihitaji moja. Mwandishi alishuka kutoka Butembo kumsaidia mdogo wake kuchagua, na kwa kuwa maduka yalikuwa na haraka, wao waliamua kutokuwa nayo.

Waliomba mashine iwashwe na iachwe ikifanya kazi saa nzima, feni ikisikilizwa. Walichomeka flashi katika kila tundu. Walifungua na kufunga kioo polepole wakiangalia bawaba. Walichomoa chaja kuona betri inashuka kwa mwendo gani. Mashine mbili za kwanza ziliomba neno la siri hata kabla Windows haijaanza kuwaka. Hizo ni za makampuni ya Ulaya, zilizofungwa na ofisi zenyewe, na asiye na neno hilo atateseka siku moja. Walizirudisha. Walisoma mgongo wa chaja: volti lazima zilingane na za mashine, ampea zikizidi si neno, zikipungua chaja inaweza kuungua.

Swali la Windows nalo lilikuwa mezani. Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba Windows 10 itaacha kupokea masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa rasmi prosesa nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 au 2018. Kwa tangazo moja, mamilioni ya mashine nzima zikaitwa nzee duniani kote. Kwa Beni hatari yenyewe si ya kufikirika. Flashi zinatoka mkono kwa mkono, kutoka chuo hadi sekretaria hadi ofisi, na virusi vinavyoficha folda za watu vinasafiri nazo. Mwenye mashine binafsi anaweza kuhamia Linux. Mwandishi aliweka Linux Mint kwenye T430 yake na inamtosha: anaandika, anasikiliza sauti za wazee, anatafuta mambo kwenye intaneti. Lakini sekretaria hupokea mafaili ya Word ya watu wengine, yenye kurasa za kichwa zilizopangwa kwa jasho la wiki nzima, na mstari mmoja ukihama katika programu nyingine mwanafunzi atarudi na hasira za haki. Hapo sababu ya kubadilisha mashine ni ya kweli, hata kama ya zamani haina kasoro.

Kuna jambo linalomgusa mwandishi kila anapokaa kwenye meza ya yule fundi. Waya wa kulehemia unaoyeyuka chini ya moshi ule ni bati kwa sehemu kubwa. Katika waya usio na risasi, bati ni zaidi ya asilimia 95. Bati hilo linachimbwa pia katika jimbo hilihili, Bisie, wilayani Walikale. Tantalamu iliyomo katika vipande vidogo vya rangi ya njano kwenye bodi hutoka katika koltani, na Rubaya, Masisi, ni mojawapo ya machimbo yake makubwa duniani. Madini yanatoka Kivu yakiwa mawe ndani ya magunia. Yanarudi yakiwa mashine ambayo mtu mwingine amekwisha kuitumia na kuichoka. Kijana wa Butembo anayeifanya ifanye kazi tena hajasomeshwa na kiwanda chochote. Amejifunza kwa kuangalia mikono ya aliyemtangulia na video za intaneti alizopakua usiku, wakati vifurushi ni rahisi. Kazi yake ni elimu ya juu, na inastahili kulipwa hivyo bila kubembelezana bei mpaka kijana abaki na nauli tu.

Mashine zilizokufa yule fundi hakuzitupa. Ziko nyuma ya meza, zimepangwa kwa aina: hii imebaki kioo, hii bawaba, ile kibodi ya AZERTY inayosubiri mteja. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme, na chini ya robo ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Meza ile inafanya sehemu yake kimya kimya. Linalobaki bila jibu ni betri. Zilizovimba, zile zinazoinua kibodi juu kama zimepumua, hazina pa kupelekwa. Watoto huziokota jalalani, na zikitobolewa zinawaka moto. Manispaa za Butembo na Beni zingeweza kuanza na pipa moja la chuma lenye mchanga katika kila komini, halihitaji mfadhili.

Huko Beni, hatimaye mdogo wake mwandishi alichagua Dell Latitude iliyotumika, nene kidogo, yenye prosesa inayokubaliwa na Windows 11, nafasi mbili za kumbukumbu na diski inayochomoka kwa skrubu moja. Muuzaji alimwonyesha nyingine mpya, nyembamba, kwa bei iliyozidi kidogo. Aliuliza kama diski yake inatoka. Haitoki. Tofauti ya bei aliinunulia stabilaiza, na waya wa sekretaria akauhamisha kutoka kwenye grupu la jirani na kuuweka kwenye betri ya sola. T430 ya Butembo inasubiri bawaba ya kushoto. Fundi amesema ipo Kasindi, itapanda na basi la Jumatano.